Asilimia Kumi na Tano

Valdecir alinipigia simu siku ya tisa baada ya kupanda.
Hakutukana. Heri angetukana.
Alisema tu, "Edilene, njoo usome mwandiko wa mbingu yako,"
akakata.

Kazi yangu ni kutabiri hali ya hewa
mahali ambapo hewa yenyewe karibu haipo.
Kilomita mia tatu juu ya kofia za watu
jua hushinda likichambua chembe,
likipokonya elektroni moja hapa, moja pale,
kama mtu anayenyonyoa kuku bila haraka.
Likizama, waliotengana huanza kurudiana,
ila chini kwanza. Chini hupona upesi,
juu kungali na uzito wa mchana,
na kizito kikilalia chepesi, mnajua wenyewe,
chepesi hutafuta pa kutokea.
Hapo hupanda mapovu,
marefu kuliko wilaya, matupu,
hayana rangi, hayana mlio.
Hakuna atokaye mlangoni akasema: leo yapo.

Lakini sauti ya setilaiti huyajua.
Imetoka kilomita elfu ishirini
imenyooka kama uzi wa mwashi;
hupita humo, ikatoka inatetemeka,
na trekta huku chini, liaminilo kila linaloambiwa,
hugeuza shingo.

Alhamisi ile ya Oktoba zamu ilikuwa yangu.
Jua lina madoa, lakini madoa ya siku zote.
Sindano ya sumaku imelala.
Kituo kimoja cha kaskazini kilikuwa kimya tangu adhuhuri,
panya na nyaya, nadhani, sikufuatilia.
Nikaandika: uwezekano wa usumbufu, asilimia kumi na tano,
saa moja hadi saa tano za usiku.
Nikaipaka ramani kijani. Nikaenda kulala.

Huwaambia wanafunzi: hatupigi ramli hapa.
Kumi na tano si sifuri.
Ni kweli tupu. Jaribu kumwambia mtu
mwenye mvua ya Ijumaa mgongoni,
mwenye mashine ya kuazima
na usiku mmoja tu.

Basi likanishusha Rancharia alfajiri.
Udongo mwekundu, viatu vyangu vya ofisi.
Njia thelathini na sita zilikuwa zimenyooka
hata ukiinama unaona mwisho wake.
Ya thelathini na saba inaanza vizuri.
Halafu, saa mbili na dakika kumi na mbili,
mistari kumi na mitatu, bega kwa bega,
inapinda kiwiko,
inaingia kwa jirani, miche inakanyagana,
inajuta, inarudi, inapinda tena,
ikiacha upara wa udongo nusu mita.

Miaka kumi na miwili nimeyajua mapovu
kama mikwaruzo kwenye kioo cha kompyuta.
Sasa yamelala mbele yangu, kijani,
kila moja na majani mawili.
Nikapiga magoti, nikatoa futi,
na, aibu yangu hii, nikatabasamu.

Valdecir aliniona.
Alitema mate kando, kwa adabu.
"Pima," akasema. "Ukimaliza kupima
utanisaidia kung'oa."

Tukang'oa hadi saa sita. Mikono yangu
ilinuka maharage mabichi hadi nyumbani.

Novemba alibakiwa na hekta nane kando ya mto.
Nikampigia mwenyewe: leo ishirini.
"Ishirini ndiyo nini?"
Kimya kilikuwa kirefu. Cha kwangu, si chake.
"Ndiyo kwamba ningekuwa wewe, ningelala."
Akalala.

Usiku ule anga halikutikisika hata unywele.
Asubuhi akanitumia picha:
hekta nane za udongo mtupu, jua linachomoza,
trekta limeegeshwa,
bila neno.